Kifaru cha daikasti M3 Stuart "Honey": kagua bodi kabla ya rangi (uzi wa wapenda modeli za vita ya pili)

#1 | Mleta uzi, Dar es Salaam

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa wale wachache wenye ugonjwa kama wangu wa kukusanya vifaru vya daikasti vya vita ya pili ya dunia, vile vidogo vizito vya kupanga kabatini. Wanaoona hii ni midoli ya watoto nao wanakaribishwa, ila wakae siti za nyuma.

Nazungumzia kifaru kimoja tu, M3 Stuart, ambacho askari wa Kiingereza kule jangwani walikiita Honey. Nimekichagua kwa sababu katika vifaru vyepesi sijaona kinachouzwa kwa hadithi za uongo kama hiki. Boksi limeandikwa "Libya, Novemba 1941", ndani kuna kadi ya historia, chini kuna namba ya toleo, na bei imepaa kwa sababu ya hayo yote. Ukikitoa ukakiweka kwenye mwanga, unakuta bodi ni ya kifaru ambacho Novemba 1941 kilikuwa hakijaundwa. Cha kwangu cha mwisho kilikuja hivyo hivyo. Kampuni siitaji, maana haiko peke yake.

Msimamo wangu: rangi na stika zinabandikwa na yeyote kwa gharama ndogo, lakini kalibu la bodi ni ghali, kwa hiyo kiwanda kikishalichonga kinalitumia kwa kila jina la vita linalouza. Jueni bodi kwanza, ndipo mtoe hela.

Historia kidogo. M3 ilianza kutoka kiwandani Machi 1941 kwa American Car and Foundry, waunda mabehewa ya reli, kwenye kiwanda chao cha Berwick, Pennsylvania. Injini yake ya kawaida ilikuwa Continental W-670, injini ya ndege kabisa, silinda 7 zimepangwa duara, inapozwa na hewa, nguvu farasi 250. Injini ya namna hiyo ina kimo, na shafti inayopeleka nguvu mbele inapita katikati ya chumba cha askari. Ndiyo maana kifaru kile ni kifupi kwa urefu lakini kimesimama juu kama kabati. Modeli ambayo haina huo ukabati, hata kabla hujashika rula, iwekee alama ya kuuliza.

Waingereza walivipata kwa mpango wa Marekani wa kuwakopesha silaha, na Brigedi ya 4 ya vifaru ilikwenda navyo kwenye Operesheni Crusader, shambulio lao la jangwani. Tarehe 19 Novemba 1941, huko Gabr Saleh, Libya, wakakutana na Wajerumani wa Divisheni ya 21 ya Panzer. Mzinga wa Honey ni milimita 37. Panzer III wa upande wa pili walikuwa na milimita 50. Hesabu yake mnaiona: Honey ilibidi isogee karibu ndipo ipige kitu cha maana, na kusogea kwenyewe ni kwenye uwanja mtupu usio na kichaka. Walichokuwa nacho ni mbio, karibu kilomita 58 kwa saa barabarani, na kifaru kisichowafia njiani. Vifaru vya Kiingereza vya wakati ule vilikuwa na sifa ya kuharibika ovyo. Huyu Mmarekani alikuwa anawaka asubuhi, anatembea, na minyororo yake yenye vipande vya mpira ilikuwa haichomoki hovyo. Tatizo lake kubwa ni mafuta: akijazwa anakwenda kama kilomita 110 tu, kisha anatafuta lori la petroli katikati ya vita.

Kwa wapenda vijistori: mmoja wa makamanda wa Honey pale Sidi Rezegh, kwenye Crusader hiyo hiyo, alikuwa Bob Crisp, mchezaji wa kriketi wa timu ya taifa ya Afrika Kusini, ambaye kabla ya vita alishapanda Kilimanjaro mara mbili. Akaja kujeruhiwa kichwani ndani ya kifaru, akapona. Watu wengine wameumbwa na kitu kingine.

Sasa bodi. Honey ya 1941 ni M3 ya mwanzo. Juu ya tareti (kile kichwa kinachozunguka) lazima kuwe na kibanda kidogo cha kamanda, kimechomoza kama sufuria iliyofunikwa. Pembeni mwa bodi, kulia na kushoto, kuna sehemu za bunduki za rashasha zinazotazama mbele. Waingereza wengi walizitoa zile bunduki na kuziba matundu kwa bamba, kwa hiyo bamba lisikutishe. Bodi imejaa ribiti, na ribiti zake zinahesabika kwa jicho.

Ukiona tareti imelala juu, haina kibanda, ina vifuniko viwili tu, hiyo ni M3A1, na M3A1 ni ya 1942. Ukiona bodi imechomelewa, mbele na pembeni kumeinama, na tareti imetoa kisogo nyuma cha kuwekea redio, hiyo ni M3A3, ya baadaye zaidi. Na ukiona mgongo wa nyuma umeinuka kama nundu, hapo umeshatoka kabisa kwenye M3: ni M5 au M5A1, yenye injini mbili za Cadillac V8 na gia za kujibadilisha zenyewe. Hiyo M5A1 ipakwe rangi ya Normandy 1944 na nitainunua bila maneno. Ikipakwa mchanga wa Libya 1941, hapana.

Kwa wenye rula: M3 halisi ina urefu wa mita 4.53, upana mita 2.24, kimo mita 2.64 pamoja na kile kibanda. Kwenye skeli ya 1:72 unapata milimita 63 kwa 31 kwa 37 hivi. Kwenye 1:43 urefu ni milimita 105, na kwenye 1:32 ni kama 142. Nimeshaona "1:43" iliyokuwa na urefu wa 1:50. Muuzaji ukimwomba picha yenye rula pembeni akakasirika, una jibu lako.

Mzinga tu ndio wa kusamehewa. Tundu la milimita 37 kwenye 1:72 ni nusu milimita. Hakuna kiwanda kitakachomimina chuma chembamba hivyo kisivunjike kwenye pakiti, kwa hiyo mtutu huwa wa plastiki, na mara nyingi wameunenepesha.

Naomba kuwasilisha. Picha nitatupia jioni.

#2 | Mombasa

Nimekaa mbele kabisa ndugu yangu, hongera kwa kazi nzuri. Nina swali la kishamba. Hii daikasti ni chuma gani hasa? Maana niko na gari moja dogo la zamani, limeanza kupasuka nyufa lenyewe kabatini, na halijaanguka hata siku moja. Hapa kwetu chumvi ya baharini inakula mpaka bawaba za milango, nikafikiri ndiyo hiyo.

#3 | Mleta uzi

Swali si la kishamba hata kidogo, mkuu.

Daikasti ni aloi ya zinki: zinki kwa wingi, aluminiamu kama asilimia 4, na chembe za magnesiamu na shaba. Inayeyuka chini ya nyuzi 400 za Selsiasi, kisha inasukumwa kwa shinikizo ndani ya kalibu la chuma kigumu. Ndiyo maana inashika hata kichwa cha ribiti.

Hilo gari lako nadhani lina kile tunachokiita ukoma wa zinki. Kama kiwandani aloi ilichafuliwa na risasi, hata kidogo sana, chuma kinaoza kwa ndani. Kinavimba, kinapinda, kinatoa nyufa kama za udongo mkavu, mwisho kinamenyeka mkononi. Dawa hakuna, kwa sababu kasoro ilizaliwa nayo. Chumvi haikuanzisha hilo, ila joto na unyevu vinaliharakisha, na Mombasa kama Dar vyote tunavyo tele. Weka vile vipakiti vya kukausha unyevu kabatini, usiweke kabati ukuta mmoja na bafu, na jua la dirishani lisilifikie. Kwa vifaru kuna jambo la ziada: minyororo laini ya vinili ikikaa miaka inatoa mafuta na kuyayusha magurudumu ya plastiki. Ukiona mnyororo unanata na kung'aa, pitisha kipande cha karatasi ngumu kati yake na gurudumu mapema.

#4 | Mwanza

Mimi wa siti za nyuma. Yaani mtu mzima anatoa hela ya mbuzi kununua kifaru ambacho hakipigi, hakitembei, hakifikii hata kiberiti kwa upana? Halafu anakipima na rula! Wakuu mna amani sana na maisha yenu.

Lakini hiyo ya mtu wa Kilimanjaro nimeipenda. Endelea.

#5 | Machakos, Kenya

Mleta uzi, asante kwa madini. Mimi sikusanyi modeli, lakini babu mzaa baba alikuwa Keya (askari wa KAR, King's African Rifles), alipelekwa Burma. Alikuwa akisimulia mvua na matope kuliko risasi, na alikuwa anataja vifaru vilivyoachwa kando ya mto vikiwa na kutu. Sisi watoto tulidhani anaongeza chumvi. Hivi hizi Stuart zilifika kule?

#6 | Mleta uzi

Zilifika, na babu yako hakuongeza chumvi.

Februari 1942 Brigedi ya 7 ya vifaru ilishushwa Rangoon na Stuart zake, kwenye vikosi vya 7th Hussars na 2 RTR, wakati Wajapani wanakaribia. Walipigana wakirudi nyuma mpaka Mei, wakafika mto Chindwin. Vivuko vilivyokuwepo havikuwa vya kubeba vifaru. Wakaviharibu wenyewe, wakaviacha ukingo wa mashariki eneo la Shwegyin, wakaendelea kwa miguu kuelekea India. Kifaru kimoja tu kilivushwa. Kiliitwa The Curse of Scotland, na baadaye kikatolewa tareti na kutumiwa na 7th Light Cavalry ya jeshi la India waliporudi Burma.

Sasa angalia ramani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vikosi vya KAR kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland, iliteremka Bonde la Kabaw katikati ya mvua za monsuni za 1944, ikafika Kalewa mwanzoni mwa Desemba, ikavuka Chindwin hapo hapo. Kalewa na Shwegyin ni jirani. Daraja la Bailey (la vipande vya chuma vya kuunganisha) lililotandikwa pale mwezi huo lilikuwa na urefu wa mita 350 na ushei, refu kuliko madaraja yote ya aina hiyo wakati ule. Keya waliovuka mto ule walikuta mabaki ya 1942 yakiwasubiri.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa Stuart gani inafaa kabati la mtu wa huku kwetu, nitasema ya Burma, kisha ya Libya. Viwanda havitaki, kwa sababu mchanga wa jangwani unauza. Kama babu aliacha karatasi za jeshi au medali, zitunze. Burma Star ndiyo medali waliyopewa waliopigana kule.

#7 | Leicester, Uingereza

Salaam wakuu. Niko huku muda sasa, na maonyesho ya midoli ya zamani ya Jumapili nayapitia sana, kwa hiyo niongezee mawili.

La kwanza, rangi. Mleta uzi umeruka jambo zito. Honey nyingi za Crusader zilipakwa ule mchoro wa mistari iliyonyooka inayokatana kwa pembe, rangi tatu. Modeli nyingi zinaweka mchanga, kijivu cha giza, na bluu ya anga. Ile bluu ndiyo kosa. Rangi yenyewe ilikuwa kijivu cha fedha chenye ukijani. Bluu ilienea kwa sababu vifaru vya Matilda kwenye makumbusho huku vilipakwa upya miaka mingi baada ya vita na bluu ikaingizwa, watu wakapiga picha, waunda modeli wakaziiga picha. Modeli ikija na bluu ya anga, aliyeibuni alitazama makumbusho na hakutazama karatasi za jeshi. Tafuteni pia ile alama ya kujitambulisha, mistari ya nyeupe, nyekundu, nyeupe, ubavuni. Hiyo ni ya wakati ule kweli.

La pili, mnaongea kana kwamba vifaru vyepesi vya daikasti vilianza na makampuni ya leo. Meccano ya Liverpool, kiwanda cha Binns Road, ilitoa kifaru chepesi cha Dinky, chapa yake ya midoli, namba 152a mwaka 1937, kwenye seti ya Royal Tank Corps pamoja na gari la upelelezi na gari dogo la Austin Seven. Kina minyororo ya chuma kweli, ile ya pingu ndogondogo, na kijiwaya cha antena kimesimama. Vita ilipokolea kiwanda kikaacha midoli, kikafanya kazi za serikali. Mnaotafuta vya kabla ya vita muwe macho na ule ukoma wa zinki aliousema mleta uzi: hizo za miaka ya 1930 ndizo zilizoathirika zaidi. Nimeshika moja sokoni, rangi nzima, sura nzuri, nikageuza chini nikaona ufa umezunguka shina la tareti. Nikairudisha mezani taratibu kabla haijanifia mikononi.

#8 | Mombasa

Hapo umesema kweli kuhusu kugeuza chini. Langu pia ufa ulianzia chini.

Jambo la pili kwa walioagiza nje: mzigo wangu mmoja ulikaa sana kwenye ofisi fulani kwa sababu muuzaji aliandika kwenye lebo "military tank" na thamani basi. Nikaitwa kujieleza. Afisa mwenyewe mpole, lakini alitaka nifungue mbele yake. Alipokiona alicheka mpaka akaita wenzake.

#9 | Mleta uzi

Hahaha, na mimi nimeitwa.

Mwambie muuzaji aandike "toy" au "scale model", skeli, na kwamba ni ya zinki na plastiki. Kwenye orodha ya forodha modeli hizi ziko kifungu cha 9503, pamoja na midoli, na ukitaja namba hiyo mazungumzo yanafupika. Halafu mwambie asishushe thamani kwa kukuonea huruma. Risiti ya malipo ikitofautiana na lebo, hapo ndipo unapokaa benchi.

Mkuu wa Leicester, kuhusu bluu nakubali moja kwa moja. Niliiacha makusudi kwa sababu kuna jambo linaloniuma zaidi: mtu anayeijua bluu anajiona mtaalamu, anakataa modeli yenye bodi sahihi kwa sababu ya rangi, kisha anakwenda kununua M3A1 yenye kijivu kizuri. Rangi inarekebishika. Bodi huwezi.

#10 | Arusha

Basi kama rangi inarekebishika, mimi nina M3 yenye kibanda chake safi, ribiti zote, ila ina hiyo bluu. Nikiipaka upya nitakosea? Nina brashi na rangi za akriliki.

#11 | Leicester, Uingereza

USIIPAKE. Ukiipaka umeshaitoa sokoni. Mkusanyaji anataka rangi ya kiwandani na boksi, hata rangi ikiwa ya uongo. Huku modeli iliyoguswa brashi inauzwa kwenye kikapu cha vya kuokoteza.

#12 | Mleta uzi

Hapa mimi na mkuu wa Leicester tunapishana, na si vibaya.

Kama ni Dinky ya 1937, hata vumbi usilifute kwa nguvu. Hiyo ni kumbukumbu ya kiwanda kilichofungwa 1979, rangi yake yenyewe ni historia. Lakini modeli ya juzi iliyotoka na majarida ya kila wiki mbili, ambayo yametolewa kwa maelfu? Mkuu wa Arusha, unaikusanya ili uiuze au ili uitazame? Kama ni kutazama, ipake. Osha kwa maji ya sabuni ya vyombo, iache ikauke, funika stika kwa utepe, kisha paka ile sehemu ya bluu peke yake kwa tabaka nyembamba mbili tatu. Usitumie tina ya gereji kuondoa rangi ya zamani, itakula mtutu na magurudumu ya plastiki. Na boksi usilitupe.

#13 | Mwanza

Siti za nyuma tena. Nimeingia mtandaoni nikatafuta, nimekuta kimoja kinauzwa "M3 Honey, El Alamein 1942, toleo maalumu". Picha nimeiangalia: nyuma kimeinuka kama ng'ombe mwenye nundu. Muuzaji anataka hela nzuri. Nimechanganyikiwa, hii si ile uliyosema?

#14 | Mleta uzi

Umekamata, mkuu. Hiyo ni M5A1. Mwandikie umwulize zile Cadillac mbili zilifikaje El Alamein. Akishusha bei nijulishe, nitaichukua mimi, maana ya Normandy sina. (Na karibu kwenye ugonjwa, wanaanzaga hivi hivi.)

#15 | Machakos, Kenya

Mimi nimewaelewa. Ila mkimaliza Stuart, mtuletee ile Tetrarch. Nimesoma kwamba ilipigana Madagaska, ambako pia Keya walipelekwa.

#16 | Mleta uzi

Ndiyo. Tarehe 5 Mei 1942, Waingereza walipoteremka Diego Suarez kuwatoa Wafaransa wa Vichy (serikali iliyoshirikiana na Wajerumani), walikuwa na Tetrarch 6 na Valentine 6. Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ikafuata, na Septemba ikaingia Majunga. Tetrarch ni kifaru cha tani 7 na nusu hivi, watu 3, na miaka miwili baadaye kikashushwa Normandy ndani ya ndege zisizo na injini za Hamilcar.

Uzuri wake uko kwenye magurudumu. Yale makubwa manne kila upande yalikuwa yanageuka kama ya gari, na mnyororo wenyewe unapinda kufuata kona. Mwenye modeli yake atupie picha iliyopigwa kutoka juu, magurudumu yakiwa yamekatwa kona. Nataka kuona kama kuna kiwanda kilichohangaika kulifanya hilo au wote wameyagandisha yakitazama mbele.